Besi Tatu, Nauli ya Moja

Naishi Masaki. Nikilitamka hilo jijini Dar es Salaam, watu hunibadilikia. Kuna bwana aliwahi kunivutia kiti na kuniita bosi kabla hajatupa jicho kwenye viatu vyangu na kuliona vumbi. Ndipo likaja swali la pili: Masaki ipi? Ya Kisarawe, jamani. Ya mikorosho, mihogo na bodaboda, si ile ya mabalozi na hoteli zinazotazama bahari. Ningecheka na mimi, lakini jambo lenyewe linanitia hasara. Kamati ya harusi ikisikia mpiga besi anatoka Masaki, inafuta fungu la nauli palepale. Mtu wa Masaki adai nauli ya nini? Si ana gari?

Sina gari. Nina magitaa matatu ya besi, na kila siku ya kazi, ikishafika saa saba mchana, nyumbani kwangu linaanza zogo la kuamua ni lipi litoke.

Najua mnavyofikiri. Mpiga solo wetu huniambia kwamba hizi ni shida za kitajiri, na kwamba kuna vijana wenye vipaji hawana hata nyuzi. Sawa. Lakini mwenye gitaa moja hulitia begini akaondoka zake. Ukiwa na matatu, kila mtu anakuwa na neno: mke ana neno, mwenye bendi ana neno, fundi mitambo ana neno, na hapa kijijini hata muuza mihogo ana neno.

La kwanza ni kuukuu. La nyuzi nne, lilitengenezwa Japani, zito hasa, na rangi imebanduka pale mkono unapoegemea. Nililinunua kwa mzee aliyekuwa akipiga katika bendi ya shirika moja la umma, shirika likafa, bendi ikafa, mzee akabaki na gitaa kwa sababu hakukuwa na ofisi ya kulirudisha. La pili ni la nyuzi tano, jekundu la kumeremeta, alilituma shemeji yangu aliyeko Maskati. Shemeji haijui besi. Aliingia dukani akaomba kubwa kuliko yote. La tatu si langu, ni la mwenye bendi, limeandikwa jina la bendi kwa rangi ya mlango. Nalihesabu kwa kuwa mimi ndiye nalibeba, nalilipia nauli na kulinunulia nyuzi. Mwenyewe kazi yake ni kunikumbusha kwamba ni lake.

Wazee wetu wa muziki wa dansi hawakuijua adha hii. NUTA Jazz ilipoanzishwa mwaka 1964, vyombo vilikuwa vya chama cha wafanyakazi. Vya Urafiki Jazz vilikuwa vya kiwanda cha nguo, vya Polisi Jazz vya jeshi la polisi, vya Bima Lee vya Shirika la Bima. Mwanamuziki alikuwa mwajiriwa, akipokea mshahara na kupiga alichokikuta jukwaani. Akihama bendi, na walihama kweli kweli wale, alihama na vidole vyake. Gitaa lilibaki stoo likimsubiri mwingine. Hata kwa watu binafsi mambo yalikuwa yaleyale. Remmy Ongala na ukubwa wake wote alisimama mbele ya bendi iliyoitwa Matimila, na Matimila lilikuwa jina la mfanyabiashara mwenye vyombo. Siku zile angetokea mpiga besi wa kusema, "Leo moyo wangu unalitaka lile jingine," angeandikiwa barua ya onyo, nakala kwa afisa utumishi.

Hapa Masaki nina mzigo wa ziada ambao mpiga besi wa Sinza au Mbagala hana. Kijiji hiki ndicho alikotoka Muhidin Maalim Gurumo. Huyu alikuwamo NUTA tangu 1964, akawa miongoni mwa walioianzisha Mlimani Park mwaka 1978, yaani Sikinde, akahamia Orchestra Safari Sound mwaka 1985, kisha akarejea bendi ile ya NUTA, iliyokuja kuitwa Msondo, akaimba mpaka uzee. Alipofariki Aprili 2014, alirudishwa kuzikwa huku. Matokeo yake ni kwamba mzee yeyote unayemkuta barazani Masaki ni mhakiki wa muziki, hata kama maishani mwake hajawahi kushika hata marimba. Napita na begi mgongoni, nasalimia kwa adabu, shikamoo wazee. Marahaba, halafu kesi inaanza.

"Mjomba, umebeba nini leo?"

"Besi, mzee."

"Linaimba hilo?"

"Haliimbi mzee, linanguruma."

"Gurumo hakunguruma. Aliimba."

Utajibu nini? Unasonga mbele, kicheko kinakufuata mpaka barabarani. Mmoja wao, aliyecheza dansi tangu enzi za suruali pana, amelipiga marufuku lile gitaa jekundu. Anasema Sikinde ni ngoma, Msondo ni ngoma, zote za watu wa huku, na besi ndiyo ngoma kubwa ya bendi. Sasa ngoma kubwa uzi wa tano wa nini? Nilijaribu kumweleza kwamba hata hizo nyuzi nne hazikushuka na Wazaramo, zilitengenezwa mwaka 1951 huko California na Leo Fender, fundi redio ambaye mwenyewe hakujua kupiga gitaa. Nilidhani nitamshinda. Akatikisa kichwa na kusema, "Basi huyo ndiye aliyekuwa na akili. Hakujua, akaweka nne. Ninyi mnaojua mnaongeza."

Na mbele ya Mungu nasema, yule mzee hajakosea sana. Uzi wa tano, ule mnene wa juu, ukiupiga bila kubonyeza unatetemeka mara 31 hivi kwa sekunde. Uzi mnene wa besi ya nyuzi nne ni mara 41. Tofauti hiyo ni ndogo kwenye karatasi, lakini kuitoa kunataka spika kubwa, na kumbi zetu spika kubwa ndiyo ya kwanza kukatwa kwenye bajeti, mara tu baada ya nauli yangu. Kwa hiyo noti ile haisikiki. Inachofanya ni kutikisa vitu. Bati linalia, soda zinatembea mezani, na mama mmoja wa kamati anashikilia keki kwa mikono miwili huku akimtafuta kwa macho anayesukuma meza. Muziki hausikii. Anausikia mtetemeko tu, na anamshuku kijana wa vinywaji.

Halafu kuna betri. Gitaa la Maskati lina mtambo ndani, na mtambo unakula betri ya volti 9, ile ya mraba yenye vichwa viwili upande mmoja. Duka la huku lina betri za redio, za tochi na za rimoti. Ukimwonyesha mwenye duka ile ya mraba, anaigeuzageuza na kukuuliza kama ni ya kufugia nyuki. Kariakoo zipo tele, ila mimi nikifika mjini siku ya kazi maduka yanafunga. Na betri hiyo haina ustaarabu wa kuaga. Taa ya tochi hufifia, ukajua. Hii inaanza kukwaruza kidogo, unadhani ni waya wa jeki, unaukanyaga, unautikisa, na katikati ya chemko, pale watu wamesimama wote na bibi harusi amevua viatu, kimya.

Kilichoniudhi si ule ukimya. Kilichoniudhi ni kwamba hakuna aliyeugundua. Walicheza. Waliendelea kucheza wimbo mzima na nusu ya uliofuata, nami nimesimama jukwaani navuta nyuzi zisizolia, jasho linanitoka, natabasamu. Tulipomaliza, mjomba wa bwana harusi akaja kunipa mkono: "Leo mmesikika safi sana, hakukuwa na makelele." Mwenye bendi naye alikuwa amesimama pembeni anayasikia hayo, na tangu usiku ule ananiangalia kwa jicho la hesabu. Ameanza kusema kwamba mpiga kinanda ana mkono wa kushoto ambao hauna kazi. Watu wa kinanda nawafahamu. Mkono wa kushoto ukishapewa besi, kesho wa kulia unaomba solo, na keshokutwa bendi nzima ni kijana mmoja na waya wa umeme.

Mngedhani basi fundi mitambo atakuwa upande wangu, kwa vile anaishi kwa sauti. Fundi mitambo analipenda jekundu. Anasema linatoa sauti kubwa, yeye hana haja ya kuongeza kitu. Maana yake anataka kula biriani kwa utulivu. Mke wangu naye analipenda jekundu, kwa sababu ya picha. Kamati inalikataa kwa sababu ya rangi. Ndiyo, rangi. Harusi ijayo ni ya zambarau na fedha, mapazia zambarau, viti vimefungwa vitambaa vya fedha, hivyo wameomba kwa ujumbe wa simu, kwa upole kabisa, wanamuziki waje na vyombo "visivyopingana na ukumbi." Mpiga tarumbeta hakuulizwa. Ngoma hazikuulizwa. Besi, ambayo haisikiki, imeonekana.

Lile la mwenye bendi sitalisemea mengi. Shingo imepinda. Magitaa ya mbao hayapendi kutolewa kwenye joto la stoo ya bati na kuingizwa kwenye unyevu wa masika, na hili limeishi hivyo miaka yake yote. Ndani ya shingo kuna chuma kirefu cha kuinyoosha, unakizungusha kwa ufunguo wa pembe sita, na huku kwetu mwenye ufunguo huo ni fundi baiskeli. Kijana ana mkono mzuri, lakini kila akimaliza huinua gitaa, akafumba jicho moja, akalitazama kwa urefu na kuniambia rimu bado ina kona. Kwa usalama, hata hivyo, halina mfano. Paul McCartney besi yake ya Höfner aliyoinunua Hamburg mwaka 1961 iliibwa mwaka 1972, ikapatikana baada ya zaidi ya miaka 50, dunia ikatangaziwa mwaka 2024. La kwetu hata ukilisahau stendi ya Gongo la Mboto, konda atakupigia simu uje uondoe uchafu wako.

Kuhusu konda, nina malalamiko ya kutosha gazeti zima, ila nitasema machache. Kutoka huku unaanza na bodaboda hadi Kisarawe. Begi liko mgongoni, kichwa cha gitaa kimechomoza juu ya chako, na mwendesha bodaboda hupima matawi ya mikorosho kwa kichwa chake yeye, si kwa changu. Kila tawi naligonga mimi. Ukifika Kisarawe unapanda daladala ya mjini, na hapo linakuja shauri la kisheria: hiki ni mzigo au ni abiria? Kikilazwa, kinaziba njia, kwa hiyo ni mzigo. Kikisimamishwa kwenye kiti, kinakalia kiti, kwa hiyo ni abiria. Kwa namna zote mbili nalipa. Nimewahi kumwambia konda kwamba abiria wangu ni mtoto wa shule, akaniomba sare. Lile kuukuu peke yake lina kilo nne na ushee, na kufika Pugu nimeshalipakata, nimeshaombwa radhi na mama mwenye kuku, na nimeshaulizwa kama nahubiri kanisa gani.

Katika hali hiyo anatokea mtu wa kuniuliza kwa nini nisibebe mawili, moja la akiba! Wapiga besi wakubwa wa Ulaya wana mtu wa kubeba magitaa, mtu wa kuyatyuni, na mwingine wa kuwapokeza jingine kila wimbo. Mimi nina mgongo mmoja na kamati iliyofuta nauli. Mzee Gurumo mwenyewe, zaidi ya nusu karne jukwaani, gari alizawadiwa na Diamond Platnumz mwaka 2013, mwaka aliotangaza kustaafu. Huyo ni mwimbaji, aliyekuwa mbele, anayejulikana na nchi nzima. Mpiga besi, anayesimama nyuma karibu na ngoma, atakumbukwa na nani? Vijana wa kizazi kipya hawajui hata kwamba tunapumua.

Limebaki kuukuu, na kuukuu nalo lina neno lake, nyuzi. Seti mpya ya nyuzi za besi inameza karibu malipo yote ya usiku mmoja. Ndiyo maana mafundi wa zamani walizichemsha. Nyuzi za besi zimezungushiwa waya mwembamba, na katikati ya mizunguko hiyo hujaa jasho, mafuta ya vidole na uchafu, sauti ikafa. Ukizivua ukazichemsha, uchafu unatoka, ukazikausha vizuri, sauti inarudi kwa siku kadhaa. Ni elimu safi, haina ubishi. Ubishi uko kwenye sufuria.

Mama watoto aliingia jikoni akakuta sufuria yake ya wali inatokota, akafunua. Akanyamaza kwanza. Kisha akaita, kwa sauti ile ya chini ambayo waume wote wa Pwani wanaijua.

"Baba, hii ni supu ya nini?"

Nikamweleza habari ya uchafu na mizunguko ya waya. Akasema anauona uchafu, unaelea. Nikaona nimpe mfano wa mtu mkubwa, nikamtajia James Jamerson wa Motown, kule Detroit, ambaye miaka ya 1960 nyimbo zilizotikisa dunia alizipiga kwa kidole kimoja tu, kwenye besi ya nyuzi nne, na nyuzi hakuzibadilisha mpaka zikatike. Akaniuliza, "Na huyo alizichemsha?" Nikasema hapana, aliziacha hivyohivyo na uchafu wake, alisema utamu umo humo. Akamimina maji yote nje, akanikabidhi nyuzi zangu kwa ncha za vidole na kusema, "Basi muige."

Nimemuiga. Na hapa ndipo nilipofika katika zogo hili lote, bila kumsikiliza tena fundi mitambo wala mtu wa zambarau. Kazini linakwenda kuukuu. Halina betri ya kunisaliti, halina uzi wa kutikisa keki, shingo yake imenyooka, na nyuzi zake chakavu zinatoa mlio mfupi, mzito, usiovutika, ambao ndio dansi letu linautaka. Chemko ikianza, kila noti inatua na kukaa chini, mpiga ngoma anajua mguu uweke wapi. Nyuzi mpya zinang'ara mno, zinamwingilia mpiga solo, na mpiga solo akiingiliwa hununa mpaka mapumziko. Wachache wenye masikio wataisikia. Wasiosikia hawakuwa wakisikia hata lile jekundu. Wenzetu wa Madalitso Band kutoka Malawi wanatembea mpaka Ulaya na babatoni, besi ya uzi mmoja ya kujitengenezea, na watu wanacheza. Mimi na nne zangu nina ziada ya tatu.

La mwenye bendi nitamrudishia Jumatatu, alining'inize ukutani ofisini kwake, jina lisomeke vizuri. Mkono wa kushoto wa mpiga kinanda nautakia mapumziko mema.

Na lile jekundu linauzwa. Nyuzi tano, begi zuri lenye mifuko mingi, halina mkwaruzo ila ule wa matawi ya mikorosho. Bei ni maelewano, betri ujinunulie mwenyewe, na kulifuata uje mpaka Masaki, hii ya Kisarawe, kwa nauli yako. Shemeji wa Maskati akipiga simu kuliulizia, mwambieni liko kwa fundi.